Mrija wa Kwanza

Consolate alikuwa na hasira kabla ya pombe, akawa na hasira ndani ya pombe, na Mungu alipomtoa kwenye pombe alichukua chupa peke yake, hasira akamwachia. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na kina mama wa chumba cha maombi kule Buterere walimsihi asiseme hivyo mbele ya wageni. Wao walitaka ushuhuda kama ushuhuda mwingine: nilikuwa mlevi, nikaomba, nikafunguliwa, sasa nina amani. Consolate alikubali ulevi na alikubali kufunguliwa. Kuomba hakuomba, na amani hakuiona hata kwa dawa, na hakuwa tayari kudanganya kanisani eti kwa sababu watu wangepiga makofi.

Mumewe aliitwa Hyacinthe. Alikuwa fundi wa magari Buyenzi, mtu mpole mwenye mikono myeusi ya grisi na toroli la chuma alilolichomelea mwenyewe ili kubebea injini. Mwaka wa tisini na tano, siku moja ya ville morte, vijana walipofunga mji kwa mawe na magurudumu yanayowaka moto, alikwenda kumtoa mteja ambaye gari lake lilikuwa limezimika ng'ambo. Hakurudi. Alipatikana amekufa kando ya mto Ntahangwa, akazikwa haraka haraka, watu wakiangalia nyuma kuliko kaburini. Hakuna aliyeketi matanga kama inavyotakiwa. Nani angeketi, na risasi zinalia mitaa miwili kutoka hapo?

Consolate akaketi peke yake, na chupa. Alianza na bia, akahamia kanyanga, ile pombe kali inayopikwa kwa kificho na kuuzwa kwenye chupa ndogo za dawa ya kikohozi. Alikuwa akiinywa nyuma ya maduka ya mtaa wa Asiatique, mahali ambapo wachukuzi wa mizigo walipumzika. Huko ndiko alikomjua Moïse, Mkongo wa Uvira aliyebeba magunia mchana na kulia jioni. Moïse alikuwa mlevi wa aina ya pekee: kila chupa alikuwa akiiombea iwe ya mwisho, kwa sauti, na kofia ameivua. Consolate alimcheka. Mke wake Moïse, Sephora, muuza dagaa waitwao ndagala, alikuwa akija kumchukua na kumwongoza nyumbani kwa kumshika mkono wa shati.

Consolate hakuwa na mtu wa kumshika mkono wa shati. Aliporudi Buyenzi alianguka mtaroni, na mara nyingi hakukumbuka zaidi ya hapo. Lakini asubuhi aliamka juu ya mkeka wake mwenyewe. Uso umeoshwa. Miguu imeoshwa mpaka katikati ya vidole, na viatu vimewekwa mlangoni, soli zimekwanguliwa tope. Ndani ya nyumba ile waliishi watu watatu tu. Mmoja ni yeye. Wa pili ni Amélie, mama yake Hyacinthe, ambaye tangu siku ya maziko hakumsemesha ila kwa matusi, na ambaye asingemgusa hata kwa kijiti. Wa tatu ni Christa, binti yake, ambaye alikuwa bado hajaanza kung'oka meno ya utoto.

Basi ni Christa. Hakuhitaji kuuliza. Alimwona kwa macho ya fikra, mtoto mdogo vile, akimburuta mama yake anayenuka matapishi, akichota maji, akimwosha vidole kimoja kimoja. Kwa aibu alishindwa kumtazama mtoto usoni, na kwa kuwa alishindwa kumtazama alikwenda kunywa, na kwa kuwa alikunywa aliamka tena ameoshwa. Mtu mwenye akili timamu ataona ujinga ulipo. Consolate hakuwa na akili timamu, alikuwa na kanyanga.

Kisha Jumapili moja Amélie alitupa mkeka wa Consolate nje, mbele ya majirani waliotoka misa na majirani waliotoka msikitini, akasema mlango huu si wake tena. Christa akabaki na bibi yake. Consolate akaenda Buterere, kwenye nyumba za matope zinazopakana na mashamba ya mpunga, ambako mvua ikinyesha maji huingia bila kubisha hodi. Alimlaani Amélie njia nzima, na laana zilikuwa nzuri, maana kwa hilo alikuwa na kipaji.

Sasa tufike kwenye karama, kwa sababu ndiyo iliyoleta ugomvi wote.

Mwaka wa elfu mbili na moja waasi waliingia Kinama, jeshi likaja kuwatoa, na watu wa pande zile wakakimbia na magodoro vichwani. Wengi walijisonga ndani ya kanisa la mabati la mchungaji Révérien, Buterere. Consolate alikimbilia humo kama alivyokimbilia kila mtu, kwa sababu ya ukuta. Siku zikapita bila tone. Akaanza kutetemeka, akaona siafu wakipanda miguuni pake, akapiga kelele. Kina mama wa maombi wakamzunguka, wakamwekea mikono, wakaamuru pepo atoke kwa sauti iliyoshindana na mabomu. Mmoja wao Consolate alimng'ata.

Sephora naye alikuwa amekimbilia pale na mumewe. Akasukuma watu.

"Mumuache," akasema. "Hiyo haiko pepo. Ni kiu ya kanyanga. Mi niko nayo mu nyumba, naijua."

Akaketi sakafuni, akakiweka kichwa cha Consolate mapajani, akamnywesha maji yenye sukari na chumvi kidogo kwa kijiko. Consolate alimtukana yeye, akawatukana wale kina mama, kisha akamgeukia Mungu. Alimwuliza alikuwa anaangalia wapi siku ile ya Ntahangwa. Alimwambia kwamba kama macho Yake ni mabovu aseme, watu wajue. Hayo ndiyo aliyoyasema, na kama kuna mtu anayayaita maombi, shauri yake.

Asubuhi moja bunduki zilinyamaza, na Consolate akaamka kiu haipo.

Aliitafuta. Alipita kwa makusudi mlangoni kwa mpika kanyanga, harufu ikampata puani, akaona ni harufu tu, kama ya mafuta ya taa. Siku nyingi aliingoja irudi, kama mtu anavyomngoja jirani mgomvi aliyeondoka ghafla. Haikurudi. Lakini hakujidanganya: alijijua kwamba ndani yake hakuna kitu kinachoitwa kidogo. Tone moja lingetosha kuifungulia mlango.

Mchungaji Révérien alifurahi kupita kiasi. Alieleza kanisani kwamba kuna karama ya lugha, kuna karama ya uponyaji, na kwamba dada yetu amepewa karama ya kuachishwa. Watu wakaimba. Consolate akasimama katikati ya wimbo.

"Na Moïse je?" akauliza.

Wimbo ukafa. Moïse alikuwa palepale, benchi la nyuma, kofia mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa akifunga kula kila Ijumaa, ndiye aliyepiga magoti mpaka suruali ikatoboka magotini. Yeye alikuwa ameomba. Yeye hakupewa. Mchungaji akasema wakati wa Mungu si wakati wetu, akaomba sadaka.

Msimu wa mvua uliofuata Moïse alikutwa kwenye shamba la mpunga, amelala kifudifudi kwenye maji ambayo yasingefunika kifundo cha mguu wake. Kwenye maziko Consolate alipiga kelele kuliko mjane. Alisema kama karama ziko hivyo, ile yake arudishiwe Mwenyewe, ampe mtu aliyeitaka. Wakamtoa nje.

Sephora alimfuata nyuma ya kanisa. Macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Unasema uirudishe?"

"Mi sikuomba, Sephora. Yeye aliomba. Hiyo ni haki?"

"Haiko haki. Mi nakuonea wivu, nakuambia wazi. Kila siku nikikuona uko na macho safi, najiuliza juu ya nini haikuwa bwana yangu. Lakini sikia. Kintu Moïse alililia mpaka akakufa, we uko nayo mu mikono. Ukiitupa, mi sitakusamehe. Hata mbinguni nitapita pembeni."

Kisha akaenda kumzika mumewe. Consolate alibaki pale amesimama, hasira imemjaa mpaka masikioni, na tangu siku ile alijua ameshika kitu ambacho si chake peke yake.

Mwaka wa elfu mbili na tatu, risasi zikiwa bado zinalia usiku upande wa milimani, gari liliingia Buterere likakwama kwenye tope. Alitoka humo Népomuscène, kaka mkubwa wa Hyacinthe, mtumishi wa wizara, mwenye viatu ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya Buterere. Consolate alimletea kigoda. Heshima ni heshima, hata kwa mtu usiyempenda.

"Karibu, shemeji."

"Mama Christa, nimekuja kwa mambo ya famille. Tunataka kumaliza kilio ya ndugu yangu. Toka afe, hatujaganduka."

Kuganduka ni kuondoa matanga. Bila hilo marehemu anahesabiwa bado yuko ukumbini: hakuna kugawa mali, hakuna kuoza binti, hakuna kusema mtoto atakaa na nani. Siku hiyo ukoo na majirani hukutana, pombe ya mtama huletwa kwenye mtungi mmoja, mirija mirefu huzamishwa ndani, na mjane huvuta wa kwanza mbele ya watu wote. Akishameza, kilio kimekwisha, na mkubwa wa familia hutangaza yaliyobaki.

"Mutatangaza nini?" Consolate akauliza.

"Nyumba ya Buyenzi, na Christa. Mama amezeeka. Mutoto anahitaji mutu wa kumuangalia."

"Mutoto iko na mama yake."

"Hiyo tutaona siku ile. Mujane mwenye kukunywa kilio ya bwana yake, tunamupa mutoto yake na nyumba. Mujane mwenye kukataa, huyo amejitoa. Nitamuchukua Christa kwangu."

"Shemeji, unajua mi sikunywaka pombe."

"Tunajua uliokoka, bravo. Lakini hii haiko pombe ya bar. Ni coutume, mila ya wakubwa. Kiloko tu, kadogo, ku mudomo." Akainuka, akapangusa suruali. "Na ukisikia utamu, usiogope. Mutungi iko mukubwa."

Akatabasamu. Alikuwa amewahi kumwona shemeji yake mtaroni, kwa macho yake. Alijua vizuri tone moja litamfanya nini, na alijua ukoo mzima utakuwa umekaa kwenye viti ukitazama. Akikataa, atanyang'anywa mtoto kwa mila. Akinywa, hataishia hapo, na atanyang'anywa mtoto kwa ulevi, tena na mashahidi. Kwa vyovyote nyumba ya Buyenzi ingekuwa ya Népomuscène, na Christa angekwenda kuosha vyombo vya mke wake. Consolate aliyaona yote hayo kabla gari halijatoka kwenye tope, na watoto wa jirani walipokuwa wanalisukuma alitamani lizame.

Akaenda kwa mchungaji. Alitaka mtu mmoja aseme usinywe. Mchungaji Révérien alimsikiliza huku akitazama paa la kanisa, ambalo upande mmoja, uliotobolewa na mabomu, bado lilikuwa turubai la wakimbizi, na upande wa pili mabati mapya kabisa. Mabati yale yalikuwa zawadi ya Népomuscène, ya juma lilelile.

"Maman Consolate," akasema taratibu, "Mungu anaangalia moyo. Mila ya watu, tuiheshimu. Tone moja haiwezi kuharibu karama ya Mungu. Karama iko na nguvu kuliko mutama."

"Pasteur, we ulikunywaka kanyanga?"

"Apana. Bwana alinikinga tangu utoto."

"Basi unyamaze."

Alitoka bila kuaga. Alikasirika kiasi kwamba alipita nyumba yake akaendelea kutembea mpaka kwenye tuta la mpunga, akasimama mahali alipokutwa Moïse. Akamwambia Mungu kwamba kama amempa kitu, basi akilinde Mwenyewe siku ile, maana mchungaji Wake amekiuza kwa mabati. Hakujibiwa. Alikuwa amezoea.

Siku ikafika. Ilikuwa mchana, ili watu wapate kurudi makwao kabla ya saa ya amri ya kutotembea. Uani Buyenzi viti vilipangwa chini ya turubai, kreti za Fanta zikawekwa upande mmoja kwa ajili ya walokole na Waislamu wa mtaa, na mtungi ukaletwa katikati juu ya toroli la Hyacinthe. Kuliona toroli lile likibeba pombe kulimchoma Consolate kuliko hotuba zote.

Amélie aliketi kando ya ukuta, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Hakumsalimu. Christa alikaa karibu na bibi yake. Alikuwa msichana wa sekondari sasa, na shingo ya baba yake. Alimtazama mama yake mara moja, na Consolate, kama miaka yote, akatazama chini. Angewezaje kuomba apewe mtoto ambaye alimwosha matapishi?

Népomuscène alihutubia kwa Kirundi, kisha Kifaransa, kisha Kiswahili ili majirani wasikie vizuri. Alimsifu ndugu yake. Hakusema alivyokufa. Mwisho akachukua mrija mmoja, akauzamisha mtungini, akaelekeza ncha yake kwa mjane.

"Mama Christa. Karibu umalize kilio."

Consolate akasimama, akasogea. Harufu ya mtama uliochachuka ikampanda puani, tamu, ya vuguvugu, na palepale kiu ikarudi. Haikubisha hodi. Ilirudi yote, na mate yakamjaa kinywani, na vidole vyake vikaanza kwenda kwenye mrija vyenyewe. Ndipo alipokasirika hasira ambayo hajawahi kuipata. Kumbe kiu ilikuwa imejificha tu. Kumbe huyu Mungu hutoa kitu leo, na siku unapokihitaji anakuachia ukishike kwa mikono yako mwenyewe inayotetemeka. Alimwona Moïse benchi la nyuma na kofia yake. Hiki ndicho alichokililia. Hiki hiki, kinachotetemeka.

Akarudisha mikono nyuma, akaishikanisha.

"Apana," akasema.

"Hukusikia? Ni kiloko tu."

"Nilisikia. Mi sina kiloko, shemeji, we unajua. Ulikuja kwangu juu ulijua. Nilipewa kintu ambacho sikuomba, na mutu mwengine alikikosa akakufa. Sitakirudisha mu mutungi ili we upate nyumba. Munichukulie nyumba. Mutoto nitamulilia mbele ya juji, mbele ya askofu, mbele ya kila mutu mwenye masikio, mpaka muchoke. Lakini sikunywi."

Viti vikalia. Mtu mmoja akasema mila imetukanwa. Népomuscène akafungua mikono kama padri, uso umejaa huzuni ya kununua.

"Mumeona wenyewe," akaanza. "Mujane amejitoa. Kwa hiyo mutoto—"

"Leta huo murija."

Aliyesema ni Amélie. Alikuwa amekwisha kusimama, na alikuwa anakuja, akishika migongo ya viti vya watu.

"Mama, hii ni ya mujane."

"We ulimuzala Hyacinthe?"

"Mama—"

"Nimekuuliza. Ulimuzala?" Akamnyang'anya mrija. Kisha akageuka na kumnyoshea Consolate kidole, na uso wake haukuwa na huruma hata kidogo. "Huyu, munasema hajakunywa kilio. Munanichekesha. Huyu alikunywa kilio ya mutoto wangu miaka na miaka. Alikunywa ya kwake, akakunywa na ya kwangu, mpaka akaanguka mu mutaro, na ninyi mulikuwa munaruka juu yake na viatu vyenu. Mi toka siku ile sikuonja hata tone. Sehemu yake alisha maliza. Hii yenye kubaki iko yangu."

Akainama akavuta. Alivuta kwa muda mrefu, koo lake jembamba likipanda na kushuka. Aliponyanyuka alijipangusa mdomo kwa mkono.

"Kilio imeisha. Mutoto iko ya mama yake, na nyumba iko ya mutoto. Mwenye kubisha, anibishe mimi."

Népomuscène alitazama wakubwa wa ukoo. Wakubwa wa ukoo walitazama mtungi. Baada ya hapo ilibidi atangaze, na alitangaza kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa, na watu wakaanza kunywa.

Wageni wakaondoka kabla jua halijazama. Amélie alibaki kwenye kiti chake, kitambaa kimekwenda upande. Mwili uliokaa miaka yote ile bila pombe ulikuwa umezidiwa na mvuto mmoja, au labda miwili, maana alirudia wakati Népomuscène anatangaza. Alijaribu kusimama akashindwa. Alikuwa amejitapikia miguuni.

Consolate akamtazama. Angeweza kumwacha. Alikumbuka mkeka wake ukitupwa nje mbele ya watu wa misa na wa msikiti, akaikumbuka kila laana ya njia ya Buterere. Kisha akamwinua, akamwingiza ndani, akamlaza, akaleta beseni la maji. Alikuwa bado ana hasira, na alimvua viatu kwa hasira.

"Tulia, mabukwe," akamwambia mama mkwe wake.

"Maji iko baridi," Amélie akalalamika, macho ameyafumba. "Mi nilikuwa nayatia moto kwanza."

"Maji gani?"

"Yako. Miguu yako ilikuwa baridi sawa samaki."

Mikono ya Consolate ikasimama ndani ya beseni.

"Ni Christa njo alikuwa ananiosha," akasema polepole.

"Christa?" Kikongwe akafungua jicho moja. "Christa nilikuwa namufungia mu chumba na ufunguo. Mutoto aone mama yake vile? Mi na toroli ya Hyacinthe. Usiku, na masasi iko inalia. Ulikuwa muzito, mwanamuke we. Ulikuwa unashinda moteri ya lori."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Tena nilikuwa nakuchukia."

"Na sasa?"

"Sasa niko mulevi. Uniulize kesho."

Akalala papo hapo, mdomo wazi. Consolate alibaki amepiga magoti kwenye saruji. Hasira ilimpanda kwa Amélie aliyenyamaza, kwa miaka aliyotazama sakafu bure, kwa huyo Mungu ambaye yeye alidhani alimkuta kanisani Buterere, kumbe muda wote alikuwa akisukuma toroli Buyenzi bila kusema neno. Alitafuta wa kumpigia kelele. Palikuwa na mzee anayekoroma tu.

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa michafu. Akasikia hatua. Christa alikuwa amesimama mlangoni, anatazama bibi yake, anatazama beseni, hajui la kufanya, kwa sababu hajawahi kuona jambo kama hilo maishani mwake.

Consolate akainua uso, akamtazama mwanawe machoni.

"Leta taulo," akamwambia, "na uweke maji ku moto."